Ruhusa moja tu ambayo Git huikumbuka

Wiki chache zilizopita mwenzangu wa kazini aliniletea ombi la kuunganisha tawi lake (mkondo wake wa mabadiliko) na tawi kuu la mradi wetu unaotunzwa kwa Git, mfumo unaohifadhi historia ya mabadiliko ya mafaili, nami nikalifungua nikitarajia kuona marekebisho madogo ya fomu ya malipo tuliyokuwa tumeyazungumza asubuhi. Nilikuta mafaili zaidi ya mia nne yameorodheshwa kuwa yamebadilika, yakiwemo picha, mafaili ya mitindo, na hata faili la leseni ambalo hakuna aliyeligusa tangu mradi uanze. Nilipoyafungua moja moja, karibu yote hayakuwa na mstari uliopungua wala ulioongezeka. Kilichokuwapo ni mistari miwili iliyojirudia faili baada ya faili:

    old mode 100644
    new mode 100755

Nilimpigia simu kabla ya kuandika maoni yoyote. "Kaka, mimi nimegusa mafaili mawili tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeona anasingiziwa. Alikuwa anasema kweli. Mkanganyiko huu nimeuona kwa vijana wengi wanaoanza kufanya kazi ya pamoja, na mara nyingi unamalizwa kwa amri iliyonakiliwa mahali fulani bila mtu kuelewa imefanya nini. Ndiyo maana nimeona niuandike kwa urefu.

Katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, kila faili lina mmiliki na lina kundi, na ruhusa zake zimegawanywa kwa wahusika watatu: mmiliki, wanakundi na watu wengine wote. Kwa kila mhusika, ruhusa ya kusoma huhesabiwa 4, ya kuandika 2, na ya kuendesha faili kama programu 1. Faili lenye 644 linasomwa na kuandikwa na mmiliki, na wengine wanalisoma tu. Lenye 755 linaweza kuendeshwa na yeyote, ingawa ni mmiliki peke yake anayeweza kuliandika. Hizo ni biti tisa, yaani alama tisa za ndiyo au hapana, na mtu anayeanza kutumia Git hudhani, kwa haki kabisa, kwamba mfumo unaotunza kila herufi ya kazi yake unazitunza biti hizo tisa pia.

Hauzitunzi. Kati ya biti hizo, Git huiangalia moja: ile inayosema kama mmiliki anaweza kuliendesha faili. Faili lenye 644, lenye 664, lenye 640 na lenye 600 yote huandikwa kwenye historia kwa namba moja, 100644. Lenye 755, 775, 700 au hata 777 huandikwa 100755. Ukiacha hizo mbili, zimebaki namba za vitu ambavyo si mafaili ya kawaida: 120000 kwa kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine, 040000 kwa saraka (yaani folda), na 160000 kwa mradi mdogo uliopachikwa ndani ya mradi mkubwa. Jina la mmiliki halipo, jina la kundi halipo, na saraka hazina ruhusa zozote zinazohifadhiwa. Unaweza kujionea mwenyewe katika mradi wowote ulio nao kwa kuandika `git ls-files -s` na kutazama namba iliyo mwanzoni mwa kila mstari.

Upungufu huu ulichaguliwa kwa makusudi, na kwa maoni yangu ulichaguliwa kwa busara. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, alipoanza kuiandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kuondolewa nafasi ya kutumia bila malipo mfumo wa kutunza matoleo uitwao BitKeeper, matoleo ya siku za mwanzo kabisa yalihifadhi ruhusa za faili kama zilivyo. Mwezi haukuisha kabla hajabadilisha mawazo. Aliamua kwamba kinachohitajika ni kujua kama faili linaendeshwa au la, na kwamba mengine yote yaachiwe umask ya mtumiaji. Alama ya siku hizo bado ipo: hifadhi za zamani (yaani miradi ya zamani pamoja na historia yake ya Git) zinaweza kuwa na mafaili yenye namba 100664, na amri ya `git fsck`, inayokagua uzima wa hifadhi, huyavumilia mpaka uiambie iwe kali kwa kuongeza `--strict`.

Umask inastahili maelezo kidogo, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi ambayo Git imeiacha. Ni namba ambayo kila mtumiaji anayo katika mfumo, nayo hueleza ni ruhusa zipi ziondolewe kila faili jipya linapoundwa. Git inapotoa faili kutoka kwenye historia na kuliweka kwenye diski, huomba liundwe kwa 666, au kwa 777 kama lilihifadhiwa na biti ya kuendesha, kisha umask hukata. Mwenye umask ya 022 atapata 644 na 755. Mwenye 002, kama ilivyo kwa watumiaji wa baadhi ya mifumo ya Linux, atapata 664 na 775. Mwenye 077, ambaye hataki mtu mwingine yeyote aone kazi yake, atapata 600 na 700. Watu hao watatu wakifanya kazi kwenye mradi mmoja, historia yao inabaki safi, wakati kama Git ingehifadhi biti zote tisa kila mmoja wao angekuwa anabadilisha ruhusa za mwenzake kila siku bila kukusudia.

Sasa nirudi kwa mwenzangu na mafaili yake mia nne. Siku hiyo bando lake lilikuwa limekwisha, kwa hiyo alinakili folda nzima ya mradi kutoka kompyuta ya ofisini kwenda kwenye flashi, na usiku akainakili kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta mpakato yake ya nyumbani. Flashi ile ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa exFAT, ambao hauna mahali pa kuandika ruhusa za Unix. Linux inapoifungua flashi ya namna hiyo hulazimika kuyapa mafaili yote ruhusa moja ya kubuni, na mara nyingi ruhusa hiyo ni 755. Alipoyanakili tena kwenda kwenye diski ya kawaida, yalikwenda na 755 hiyo hiyo. Folda ya `.git` nayo ilisafiri pamoja, ikiwa na usanidi ulioandikwa siku mradi uliponakiliwa kwa mara ya kwanza kwenye diski ya ofisini, usanidi unaosema kwamba biti ya kuendesha katika kompyuta hii inaaminika. Git ikaamini ilichoambiwa. Kisha akaandika `git add .` bila kutazama kwanza, na yote yakaingia kwenye komiti yake, yaani kifurushi cha mabadiliko kinachoandikwa kwenye historia.

Kurekebisha hakukuwa kugumu. Tulianzisha tawi jipya kutoka tawi kuu, tukachukua yale mafaili mawili tu kutoka tawi lake kwa `git checkout` ikifuatiwa na jina la tawi na majina ya mafaili, tukayarudishia ruhusa kwa `chmod 644`, ndipo tukayaongeza na kukomiti. Hatua ya `chmod` ni rahisi kuisahau: ukichukua faili kutoka tawi jingine, unalichukua pamoja na biti yake. Kabla ya kutuma tulilinganisha na tawi kuu kwa `git diff --summary`, amri ambayo hutaja mabadiliko ya ruhusa, pamoja na mafaili yaliyoundwa, yaliyofutwa au yaliyobadilishwa jina, kwa mstari mmoja mmoja, na kama ningekuwa na uwezo wa kumfundisha kila mwanafunzi amri moja tu kuhusu jambo hili, ningemfundisha hiyo.

Ushauri ambao mwenzangu alikuwa ameshaupata mwenyewe kabla sijampigia simu ulikuwa mwingine, nao ni huu:

    git config core.fileMode false

Amri hii huiambia Git isiijali tofauti ya biti ya kuendesha kwenye diski. Orodha ya mafaili mia nne hutoweka papo hapo, na ndiyo maana watu huipenda. Mahali pake pa haki papo: kama unafanyia kazi moja kwa moja juu ya diski isiyojua ruhusa, basi Git haina la kuamini pale, na ni sawa iambiwe hivyo. Kwa kawaida hata hulazimiki kuiambia, kwa sababu `git init` na `git clone` huijaribu diski zenyewe na kuandika jibu ndani ya usanidi wa hifadhi husika. Hilo pia ndilo linaloeleza kwa nini kuiweka `false` katika usanidi wako wa jumla mara nyingi hakubadilishi kitu, kwani kilichoandikwa ndani ya hifadhi hushinda. Hatari huja pale unapoizima kwenye diski nzuri ya Linux ili tu kunyamazisha kelele. Kuanzia hapo kila skripti mpya utakayoiandika itaingia kwenye historia kama 100644 hata kama umeipa `chmod +x`, kwako itaendelea kufanya kazi, na itakayokwama ni seva.

Wanaotumia Windows wanaishi katika hali hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa mfumo wao hauna biti ya kuendesha ya namna ya Unix, na Git yao huwa na `core.fileMode` iliyozimwa. Mfano ninaokutana nao kuliko yote ni wa miradi ya Android. Mradi umeanzishwa kwenye Windows, umekomitiwa, umetumwa, na kila kitu kinakwenda vizuri mpaka seva ya majaribio, ambayo ni Linux, inapojaribu kuendesha `./gradlew`, skripti inayoujenga mradi, na kujibu "Permission denied", kisha inafunga kazi kwa namba 126, ambayo ganda (shell) la Unix huitumia kusema kwamba faili limeonekana lakini haliwezi kuendeshwa. Nimewahi kuona mtu akilitatua hili kwa kuandika `chmod +x gradlew` ndani ya maelekezo ya seva. Inafanya kazi, lakini kila seva mpya na kila mwanafunzi mpya mwenye Linux atakutana na tatizo lile lile. Dawa yenyewe ni kuiandika biti hiyo moja kwa moja kwenye historia, jambo linalowezekana hata kwenye Windows:

    git update-index --chmod=+x gradlew

Baada ya hapo unakomiti na suala limekwisha kwa kila mtu. Wanaotumia Linux iliyo ndani ya Windows, yaani WSL, wana shida iliyo kinyume: mafaili yaliyo chini ya `/mnt/c`, yaani diski ya C ya Windows, huonekana kuwa na 777 yote, na njia nyepesi ni kuuweka mradi kwenye diski ya upande wa Linux.

Mifumo mingine ya kutunza matoleo ilifikia uamuzi unaofanana kwa njia zake. Subversion hutumia sifa inayoitwa `svn:executable` inayopachikwa kwenye faili. Mercurial huweka alama ya kuendesha na alama ya kiungo, basi. CVS ilikuwa na taabu ya peke yake, kwa sababu iliiga biti ya kuendesha kutoka kwenye faili la historia lililo kwenye seva, na ukitaka kuibadilisha baadaye ilibidi mtu aingie kwenye seva na kuibadilisha pale pale. Anayelalamika leo kwamba Git ni ngumu katika hili hakuionja ile.

Mambo yanakuwa mazito zaidi kwenye seva inayohudumia watu, na hapa ndipo ninapoomba msomaji awe makini. Ofisi ndogo nyingi hupeleka kazi kwenye seva kwa kuingia ndani yake na kuandika `git pull`. Tuseme ndani ya hifadhi kuna faili la usanidi lenye nywila ya hifadhidata, na mtu mwangalifu amelipa 600 kwa mkono ili lisomwe na mmiliki pekee. Miezi inapita na ruhusa hiyo inabaki ilivyo, kwa sababu Git hailigusi faili ambalo halijabadilika. Siku moja mtu anabadilisha mstari mmoja katika faili hilo, hata kama ni maelezo tu. Git inapoleta toleo jipya hailiandiki juu ya lile la zamani. Hulifuta, huunda jingine kwa jina lile lile, na umask ya 022 hulipa 644. Kuanzia dakika hiyo kila mtumiaji wa seva ile anaweza kuisoma nywila, na hakuna ujumbe wowote wa onyo unaotokea. Hata `git status` itasema kila kitu ni safi, kwani kwake 600 na 644 ni kitu kimoja.

Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, katika kazi ya zamani, kwenye seva iliyokuwa na akaunti za watu kadhaa. Nililigundua kwa bahati, nikiwa natafuta kitu kingine. Hakuna aliyedhurika kwa kadiri nilivyoweza kuchunguza, lakini tulibadilisha nywila zote siku hiyo hiyo, na tangu hapo sijaweka siri ndani ya hifadhi yoyote. Ruhusa ilikuwa nusu tu ya kosa langu: nywila iliyoingia kwenye historia inakwenda kwa kila anayeinakili hifadhi, na ruhusa za diski ya seva haziwezi kumzuia. Siri sasa zinakaa nje kabisa ya folda ya mradi, katika faili la saraka ya `/etc` linalomilikiwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo), lenye 640, na kundi lake ni lile la programu inayolihitaji.

Umiliki nao husumbua. Mtu akiandika `sudo git pull`, yaani akiiendesha `git pull` kwa mamlaka ya root, mafaili yote yaliyobadilika huwa mali ya root, na vilevile vitu vipya vilivyoingia ndani ya folda ya `.git`, kesho yake akija mwenzake na kuandika `git pull` bila `sudo` hawezi kuleta mabadiliko, naye badala ya kutafuta chanzo anaandika `sudo chmod -R 777`. Amri hiyo ninaichukia kwa moyo wote. Inafungua milango yote ya nyumba kwa sababu ufunguo wa mlango mmoja umepotea, na juu ya hayo inaipa kila faili biti ya kuendesha, kwa hiyo unarudi kwenye orodha ile ile ya mafaili mia nne. Kama ni lazima kurekebisha ruhusa za folda nzima, tumia `chmod -R u+rwX,go+rX`, kwa herufi kubwa ya X, ambayo hutoa ruhusa ya kuendesha kwa saraka na kwa mafaili yaliyokuwa nayo tayari, na mengine huyaacha. Na kama hifadhi ya pamoja inaandikwa na watu kadhaa kwenye seva moja, ianzishwe kwa `git init --bare --shared=group`, ili Git yenyewe iangalie kwamba kila kinachoingia kinabaki mikononi mwa kundi.

Tangu Aprili 2022 kuna tabia mpya inayowashangaza wengi: Git hukataa kufanya kazi ndani ya hifadhi inayomilikiwa na mtumiaji mwingine mpaka uitaje kwenye usanidi wa `safe.directory`. Hilo liliingizwa katika toleo la 2.35.2 baada ya kugundulika udhaifu uliopewa namba CVE-2022-24765, ambapo mtu mwenye nia mbaya kwenye kompyuta ya pamoja angeweza kuweka folda ya `.git` mahali pa juu na kuifanya Git yako itii usanidi wake. Ukiona katazo hilo kwenye seva yako, jiulize kwanza kwa nini mafaili yanamilikiwa na mtu usiyemtarajia, kabla hujaandika nyota kwenye `safe.directory` na kuruhusu kila kitu.

Wapo wanaohitaji kweli kutunza ruhusa zote, hasa wanaotaka historia ya saraka ya `/etc`, ambamo ruhusa ni sehemu ya maana ya faili lenyewe. Kwao mtengenezaji programu Joey Hess aliandika programu ya etckeeper, na namna inavyofanya kazi inafundisha. Haijaribu kuibadilisha Git. Kabla ya kila komiti huandika ruhusa na wamiliki kwenye faili la maandishi liitwalo `.etckeeper`, ambalo linaingia kwenye historia kama faili jingine lolote, na folda yenyewe ya `.git` hufungwa kwa 700 kwa kuwa ndani yake kuna nakala za mafaili ya nywila. Nasi tumefuata njia hiyo hiyo kwa udogo wake: ruhusa za folda ya picha zinazopakiwa na za folda ya kumbukumbu zimeandikwa kama amri za `install -d -m`, zinazounda folda na kuipa ruhusa, ndani ya skripti ya kupeleka kazi kwenye seva, skripti ambayo imo kwenye historia, inasomeka na inakaguliwa na kila mmoja wetu.

Mwenzangu mwenye flashi ndiye aliyeongeza hatua ya mwisho. Kila ombi la kuunganisha linapofika, seva ya majaribio huendesha `git ls-files -s`, huchuja mistari inayoanza na 100755, na kulinganisha majina yanayotokea na orodha tuliyokubaliana. Orodha hiyo ina majina saba, na `deploy.sh` ni mojawapo. Likitokea la nane ambalo halikuongezwa kwenye orodha, ombi linarudishwa likiwa na jina la faili husika.